Asubuhi Uliyorudi Zahanati

Mama yangu mkwe, mama wa Marwa,

Jumapili mchungaji alituhubiria kwamba kazi ya mikono ni ibada, na kwamba anayemhudumia mgonjwa anamhudumia Mungu mwenyewe. Kanisa zima likaitika amina. Mimi sikuitika. Nilikuwa nakuwaza wewe, na tangu siku hiyo hakuna kazi ninayoishika ikaenda vizuri. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa tulikuzika miaka minne iliyopita.

Nilikuja kwako kutoka Nyarero nikiwa mke mpya wa mwanao, sijui hata kusonga ugali wa mtama kwa namna mliyozoea. Hukunicheka. Ulinisogezea mwiko ukasema, "Songa, mwanangu. Ukiungua tutakula ulioungua."

Kisha ikaja operesheni ya kutuhamishia vijiji vya ujamaa. Lori lilitushusha Morotonga na vyungu vyetu na kuku watatu, tukapewa kiwanja kwenye mstari wa nyumba, na kila mtu akaandikiwa kazi katika shamba la kijiji. Wewe ulimwendea mwenyekiti ukaomba uandikwe zahanati, kuosha wagonjwa na kufua mablanketi yao. Nilikuwepo. Alikuambia, "Mama, huko hakuna kazi ya kuandika. Huko kuna uchafu tu."

Ukamjibu, "Basi andika uchafu."

Watu walicheka. Akaandika.

Kila asubuhi, kabla ya kushika ndoo, ulisimama mlangoni mwa zahanati ukasema kwa Kikurya maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Baba, nimefika kazini." Sikuwahi kukusikia ukisali sala nyingine kwa sauti. Siku moja nilikuletea chakula nikakukuta unamwosha mzee asiye na ndugu, unamsafisha katikati ya vidole vya miguu, kimoja kimoja, huna haraka, na yeye amefumba macho kama mtoto aliyeshiba. Nilisimama na bakuli langu mpaka uji ukapoa.

Masika yale surua iliingia kijijini. Mganga wa zahanati alikuwa mmoja, na dawa zilikwisha wakati watoto bado wanaletwa. Nilikuomba usiende. Nilikushika mkono pale mlangoni, Ghati wangu amelala mgongoni, hajatimiza hata miaka miwili.

"Mama, baki. Utatuletea ugonjwa."

Ulijinasua taratibu. "Nitaoga huko huko. Nitabadilisha nguo kabla sijamgusa."

Na kweli ulioga kila siku, ukabadilisha nguo kila siku. Ghati akaugua hata hivyo.

Zilikuwa siku tano. Ulimfuta jasho, ukamnywesha maji kwa kijiko, ukampaka siagi midomo iliyopasuka. Mimi nilikaa nimemshika miguu tu, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Alipokata roho nilikugeukia wewe. Nilisema mbele ya Marwa na mbele ya majirani: "Ni wewe uliyeuleta ugonjwa huu kwa mikono yako. Umeosha watoto wa watu, umemuua wako."

Marwa alitaka kuninyamazisha, ukamzuia kwa mkono.

Tukamzika jioni. Kesho yake asubuhi ulichukua khanga yako ukaondoka kwenda zahanati.

Nilikufuata. Nilitaka kukutukana mbele za watu. Nikakukuta umepakata mtoto wa Boke, jirani yetu, macho yake yamegandamana kwa usaha, unayalainisha kwa maji ya vuguvugu, na machozi yako yanadondoka kwenye beseni lile lile. Ukaniona.

"Leo nimeshindwa kusema nimefika," ukaniambia. "Nimejaribu pale mlangoni, mdomo umekataa. Nimeingia tu."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Huyu hajafutwa macho."

Sikukutukana, Mama. Sikukusaidia pia. Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya kitanda cha Ghati hadi jua likazama.

Baadaye mganga aliniambia kwamba surua ilikuwa imeshaingia karibu kila nyumba, watoto wanacheza pamoja siku nzima, na Ghati angeweza kuipata popote. Angeweza. Nimeligeuza neno hilo huku na huku miaka yote hii, na halinisaidii. Sijui kama ilitoka mikononi mwako. Sitajua. Mtoto wa Boke alipona. Akipita kwenda shule ananiamkia shikamoo, namwitikia marahaba, halafu nakaa chini, jembe likiwa pembeni, mpaka wenzangu waniite shambani.

Tuliishi nyumba moja bila kulitaja jambo lile. Ulipika, nikapika. Ulikwenda zahanati, mimi nikaenda kulima. Kila mwaka nilijiambia kwamba nikipata maneno nitakuja kukaa karibu nawe. Kisha upande wako wa kulia ukapooza, na ulimi nao.

Miezi miwili nilikuosha mimi. Siku moja, nikiwa nakusugua mgongo, nilisema, "Mama, nisamehe kwa maneno yale." Ulinitazama. Jicho moja likatoa machozi, lakini jicho lile lilitoa machozi siku zote tangu ulipougua, hata likipigwa na upepo kidogo. Nikarudia. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikakuambia ukinisikia ufumbe macho. Hukufumba. Pengine hukuelewa, pengine hukutaka, pengine hukuweza.

Nilitafuta sala, sikuipata hata moja. Maji yalikuwa yanapoa na ngozi yako ilikuwa imeanza kusisimka kwa baridi. Nikakukausha, nikakugeuza upande wa pili, nikaendelea kukuosha.

Kama ulinisikia siku ile, basi unajua. Kama hukunisikia, sina njia nyingine ya kukufikia.

Pumzika, Mama.

Ni mimi mkweo,
Mama Ghati