Pampu ya Upepo na Msamaha Wako

Kijiji cha Chimwendo,
Dodoma Vijijini.
14 Novemba, 1994.

Mpendwa mdogo wangu Yotham,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa kwenye barua yako ya mwisho ulisahau kuiandika. Hujambo? Wifi yangu Ruthu naye hajambo? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu, wale tuliobaki. Mgongo unanisumbua kwa kubeba ndoo, na Baba sasa macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni hata mkono wake. Kikohozi chake kimepoa. Natumaini joto la Dar es Salaam halikuchoshi, na maji ya bomba unayapata.

Najua muuza vipuri wa mjini hana muda wa barua ndefu. Hii utaisoma mpaka mwisho, maana inakuhusu wewe kuliko mimi.

Pampu ya upepo ilisimama mwezi wa nane. Usije ukasema upepo ulikatika. Upepo wa hapa unaujua, unang'oa mabati, na yale mapanga kule juu yalikuwa yanazunguka kutwa nzima bila kutoa tone. Kilichokwisha ni vile vikombe vyako vya plastiki vinavyokaa ndani ya silinda na kuvuta maji kutoka chini. Ulisema vitadumu miaka kumi. Vimedumu miwili.

Nakukumbusha, maana unasahau upesi. Miaka ishirini na sita Baba alitengeneza vikombe hivyo kwa ngozi ya ng'ombe wa hapa hapa, akailainisha kwa magome ya mgunga, akaikandamiza kwenye kalibu yake ya mpingo, akaipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Kimoja kikichakaa, kingine kilikuwa tayari kinaning'inia darini. Ukaja wewe na begi la vikombe vya plastiki vya tajiri wako, biashara ni ruksa, ukasimama kwenye mkutano wa kijiji ukasema ngozi ni ya kuwambia ngoma, si ya mashine. Watu wakacheka. Ukaichukua kalibu ya Baba ukaitia kwenye moto uliokuwa unachoma nyama ya kukukaribisha. Mimi niliila nyama ile, Mungu anisamehe. Baba hakula.

Nilikuandikia mara tatu. Mwezi wa nane hukujibu. Mwezi wa tisa ukatuma kalenda ya duka lenu, yenye picha ya pampu inayomwaga maji. Mwezi wa kumi ukaandika mstari mmoja: kontena limekwama bandarini, tajiri kwa sasa ameona afadhali alete redio, tuvumilie. Tumevumilia sana. Wanaume walikata vikombe kwenye tairi kuukuu, kama wanavyokata viatu vya makatambuga, vikaganda ndani ya silinda ikabidi bomba zima ling'olewe. Ernest, fundi baiskeli wa Kizota, alijaribu ngozi ya kawaida ya viatu. Ilivimba siku ya kwanza na kupasuka ya pili.

Basi wanawake tukarudi korongoni kuchimba mchanga kutafuta maji. Wewe ulizaliwa ukaikuta pampu, kazi hiyo huijui. Mwishoni mwa mwezi wa kumi mashimo yalikuwa yanapita kimo cha mtu. Anyesi, binti wa shangazi, yule aliyekubeba mgongoni ulipougua surua, aliteremka kujaza ndoo na mchanga ukamwangukia. Tulifukua kwa mikono na kwa sufuria. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kufa, mchanga umejaa mdomoni. Tulimzika Jumanne ya mwisho ya mwezi huo. Nakueleza hivi kwa makusudi, nataka umkumbuke kila ukifungua bomba.

Baada ya mazishi wazee walimwendea Baba kumwomba awafundishe kutengeneza vikombe. Hakuna mwingine aliyejua ni ngozi ya sehemu gani, magome kiasi gani, ilowekwe siku ngapi. Hata mimi alikuwa akinifukuza nilipochungulia, eti ngozi ni kazi ya wanaume. Aliwajibu, "Mwanangu aliniita mjinga mbele yenu, nanyi mkacheka. Aje aniombe msamaha, ndipo nitasema."

Nilimwambia, "Baba, Anyesi amekufa." Akasema, "Nimesikia," akageukia ukutani. Siku hiyo nilimchukia kama ninavyokuchukia wewe. Ukaidi wenu ni mmoja.

Ndipo ukaomba msamaha, Yotham. Sikukuuliza. Nilikaa na barua zako za zamani nikauiga mwandiko wako, hata ile "y" yako yenye mkia mrefu, kwa sababu nilijua atawapa na wengine wamsomee. Nikaingia nikasema, "Baba, barua ya Yotham imefika." Uliandika hivi: "Baba, shikamoo. Nilikutia aibu mbele ya watu uliowapa maji. Nimekosa. Nisamehe." Akaniambia nirudie. Nilirudia mara nne. Mzee aliyemzika Mama bila kutoa chozi alilia mpaka kola ya shati ikalowa. Kisha akaniagiza nimletee gogo la mpingo na panga, tuchonge kalibu mpya.

Alinifundisha kwa kushika mikono yangu, maana haoni. Ijumaa iliyopita tulifunga kikombe cha kwanza, na kufikia adhuhuri tangi lilikuwa linafurika. Sasa ninavyo tisa darini, na Dorkasi wa jirani ninamfundisha. Mwambie tajiri wako kontena lake akae nalo.

Barua yako Baba anaiweka kwenye mfuko wa shati. Kila mgeni huombwa amsomee. Alinitajia na majibu nikuandikie, kurasa mbili, yamejaa maneno ambayo mimi niliyekaa naye miaka yote hii sijawahi kuambiwa. Sikutumii. Si wewe uliyemwandikia.

Krismasi usije. Ukija utafungua mdomo, na kwa dakika tano Baba atajua hukuomba msamaha wowote, na huzuni hiyo itamuua. Wala usimwandikie. Mwezi ujao utamwandikia tena kwa mkono wangu, na mwezi utakaofuata, mpaka Mungu atakapomchukua. Umekuwa mtoto mzuri sana tangu nilipoanza kukuandika.

Msalimie Ruthu na watoto. Shangazi hana salamu kwako. Dorkasi anakusalimu, hajajua habari hizi. Bwana akulinde huko uliko, na akuweke huko huko.

Dada yako akupendaye, kwa kadiri niwezavyo,

Penina Mazengo