Kisigino cha Fundi wa Nguzo

Tarehe 4 Machi

Mwanangu fundi,
Salamu zako za simu zimefika, marahaba. Mimi mzima, goti tu linanikumbusha umri. Wewe je, kidonda kimefunga? Unakula ukashiba?

Shangazi yako anasema mwanamke aliyeshonwa kano ya kisigino hapandi tena nguzo za umeme, atafutiwe kiti ofisini. Nikamwambia huyu alianza kutembea akiwa na miezi tisa, kiti atakikalia nani? Wateja wangu wote wa cherehani wanajua kwamba wiki nne tu baada ya kisu umetupa mkongojo mmoja.

Mama yako

Tarehe 20 Machi

Shikamoo Mama,
Kidonda kimekauka, na chakula nakimaliza. Ila mkongojo sikuutupa, ulikatika mpira wa chini. Bado navaa kiatu kikubwa cha plastiki chenye vipande vya kuinua kisigino, na daktari wa mazoezi anavipunguza kimoja kimoja. Nikiharakisha, kano itakatika tena, na hapo nguzo ndiyo basi. Mkuu wa kazi amenishikia nafasi hadi Agosti.

Mwanao

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,
Hujambo? Huku kwema. Usinikasirikie. Agosti niliiona mbali, nikaogopa wasije wakakupa kiti, basi nimemwandikia mkuu wako, ukurasa mzima na nyuma yake. Nimemweleza umepona, na kwamba hapa kwangu ulipanda ngazi ya darini kama paka. Sikuona haja ya kutaja kwamba bado hujaja.

Mama yako

Tarehe 28 Aprili

Shikamoo Mama,
Mimi mzima, na nashukuru kuwa bado mzima. Jana mkuu aliniita uwanjani, kwenye nguzo ya kujipima. Wenzangu wote walikuwepo. Akasoma barua yako kwa sauti, hadi pale pa paka, kisha akanikabidhi mkanda wa kupandia.

Nikikataa, wewe mwongo. Nikipanda, kano imekwenda. Nilivua soksi nikawaonyesha kovu, nikasema, “Mama yangu anaona mbali kuliko daktari. Mimi kwa ncha za vidole vya mguu huu sijaweza kusimama hata mara moja.”

Wakacheka, naye akacheka. Agosti iko palepale. Lakini Mama, sifa zangu niandikie mimi.

Mwanao

Tarehe 17 Agosti

Mwanangu,
Unaendeleaje na mguu? Mimi sijaumwa. Kimya changu cha miezi hii ni aibu, na barua zako zote nilizisoma: ile ya kusimama kwa vidole mara moja, ile ya mara tano, ile ya mara ishirini na tano na jasho. Mtu mzima kuinuka na kushuka akishika ukuta miezi mitatu bila wa kumpigia makofi. Moyo huo hukuutoa kwangu. Mimi ningeshatangaza kwenye mara ya pili.

Barua ya juzi ilikuwa na mstari mmoja: nimepanda hadi juu, nimeshuka, kazi ninayo.

Shangazi yako alipokuja nikamsomea. Akavuta kiti, akasubiri niongeze.

Nikarudi kwenye mshono wangu.

Mama wa fundi