Sindano ya Ulaya Ilivyomgeukia Zuwena

Nizwa, Omani

Dada yangu wa moyoni,

Shikamoo. Nakuombea siha wewe na wote hapo Mombasa. Miguu ya Mama inaendeleaje? Sisi tupo, alhamdulillahi, na kabla hujasoma zaidi ujue: mwanao Zuwena yu hai, anakula, anasema. Sasa kaa kitako nikueleze.

Surua iliingia mtaani petu, ikawapata wanangu wawili, Nasra na Khalfan. Seif, kitinda mimba, tukampeleka Manah kwa bibi yake asije akaambukizwa. Unajua desturi yetu: chumba cha surua haingii ila aliyekwisha ugua. Mimi niliugua utotoni, nikawa nao. Zuwena hakuugua, lakini akaja na godoro lake.

"Mamdogo, mimi nilichomwa sindano ya surua Ulaya, Mama kanihadithia. Hainipati. Nenda kalale, macho yamekuwa mekundu kama ya jini."

Sote tukaona kweli. Aliyechanjwa tukamhesabu sawa na aliyeugua. Akawaogesha kwa maji ya mwarobaini, akawafukiza ubani, akawabembeleza. Wadogo wakapoa, wakarudi kugombania tende.

Ndipo akaanguka yeye. Dada, wallahi sijaona surua namna ile. Homa ya kuunguza, kichwa, tumbo, na vipele vikaanzia viganjani na miguuni, usoni hamna kitu! Mikono ikavimba. Baba mkwe wangu akasema, "Hii si surua, huyu kapigwa jicho." Pumzi ilipoanza kumkata, mume wangu akamtia garini mpaka hospitali.

Daktari, Mmisri, kwanza alidhani maradhi mengine. Pafu limejaa maji. Nilipotaja sindano akavuta kiti.

"Alichomwa Ulaya? Ile ya zamani?"

"Ndiyo, alikuwa mdogo sana, wazazi wake walipokuwa huko."

Akanieleza kuwa ile ya mwanzo ilikuwa ya vijidudu vilivyouawa. Kinga yake ilichakaa, lakini mwili ulibaki umefundishwa vibaya. Surua ya kweli ilipoingia, ukapigana ovyo na kujiumiza wenyewe. Ndiyo maana wakaiacha.

"Daktari, yaani aliyekingwa ndiye aliyeumia kuliko wasiokingwa?"

"Kwa sindano ile, hutokea."

Nilikaa sakafuni, Dada. La haula wala quwwata. Kitu tulichokishukuru miaka yote!

Mungu akajaalia, homa ikashuka. Daktari akatwambia tumlete Seif achanjwe ile mpya, ya kijidudu hai kilichodhoofishwa. Mume wangu akaruka. "Kijidudu mfu kimemfanya hivi binti wa watu, sasa mwataka kumtia mwanangu kilicho hai? Sindano haiingii tena nyumbani kwangu!"

Zuwena akasema kutoka kitandani, neno moja, pumzi moja. "Ami, hii si ile. Hii yaufundisha mwili sawasawa. Ukimwacha bure, surua itamkuta. Mimi sitaki kumuuguza Seif."

Mwenye haki ya kuichukia sindano ndiye anayemwombea mtoto achomwe! Kesho yake mume wangu akaenda Manah, akamleta Seif, akampakata mwenyewe, uso kaugeuzia ukutani. Mtoto alipata homa kidogo, sasa mzima.

Dada, nakujua utalia usiku kucha. Usijilaumu. Ulimpeleka achomwe kwa mapenzi, na hata hao walioitengeneza hawakujua. Na yule mjukuu wako wa hapo Mombasa, usimnyime sindano kwa khofu ya barua hii. Muulize daktari, kisha umpeleke.

Nisalimie Mama, umbusu mikono. Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie atulie, asiuze kitu kwa ajili ya safari ya kuja huku. Na jirani yetu mshoni, aniombee dua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rayya

Nimempa Zuwena kalamu ujue sikufichi kitu:

Mama, mkono ungali mzito. Ni mimi kweli. Zuwena.