Nusu Kubwa ya Boflo

Matemwe, 3 Agosti 1998

Mwanangu Rasha,

Kosa la wakuu wengi wa vyuo vya ualimu ni kwenda kwenye semina na hotuba mkononi. Nimelifanya miaka kumi na tisa, nalijua. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Nyinyi huko hamjambo?

Unaniambia wakuu wenzako watano wanakuja semina chuoni kwako, wote wamekuzidi umri, na unaogopa watakuona mtoto aliyepewa kiti. Basi usiwahutubie. Sisi wakuu huwafundisha watu kufundisha, na wenyewe hatujashika chaki tangu tupewe ofisi. Chukua watoto wa Darasa la Tatu wa skuli ya jirani, uwasomeshe mbele ya wakuu hao. Ukikwama, kwama waziwazi.

Ami yako,
Zahran

Mjini, 17 Agosti 1998

Ami, shikamoo. Magoti vipi? Nnakuandikia kwa furaha!

Nilisomesha somo la nusu. Nikakata mkate wa boflo, kisu kikaenda upande. Mwanamkasi, msichana wa mstari wa mbele, akasema, "Mie nataka nusu kubwa." Nikamwambia nusu zote huwa sawa. "Na ile pale, mwalimu?" Darasa zima likacheka. Mzee Himid, mkuu aliyetuzidi sote umri, naye akadakia, "Haya, Bi. Mkuu, jibu!"

Ami, nilikwama waziwazi. Nikasema, "Sijui nimfahamishe vipi. Nisaidieni." Himid akainuka kwa madaha, akachora duara, akaeleza weee. Mwanamkasi akamwambia, "Sikufahamu, babu." Tulicheka mpaka machozi! Wakainuka wote, wanagombania chaki, chai imepoa. Mwisho Bi. Ummkulthum, mkuu aliyetoka Pemba, akampa mtoto kisu na boflo jingine: "Kata wewe, mwenzako achague." Mwanamkasi akapima kwa vidole mara tatu, ndipo akakata. "Sasa hakuna kubwa!"

Himid akiniaga alisema, "Mwezi ujao kwangu. Nitasomesha mimi, mje mnicheke."

Mwanao,
Rasha

Matemwe, 20 Agosti 1998

Mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mke wangu Asila asikie. Kacheka huyo! Hongera sana.

Lakini furaha ya semina haikai. Wakuu hurudi ofisini, mlango ukafungwa, mpaka semina nyingine. Mwenzako Himid atajitayarisha mwezi mzima. Wewe ukibweteka, utakuwa mtazamaji tu. Leo hii chukua ratiba ya chuo, andika jina lako kwenye kipindi kimoja cha kila wiki.

Ami yako,
Zahran