Beberu na Mikanda ya Siyad

Nasteha! Wacha kila kitu usome. Binamu yako Siyad ametuaibisha leo wallahi.

Unalijua lile gari la marehemu babu yake, la mwaka wa sitini na nane. Amelitia mikanda ya kisasa, ile ya kupita begani na kiunoni, ati kesho ampeleke mama yake harusini Wajir. Fundi alimwambia, "Warya, hapa pa kufungia bolti ni kutu tupu. Chomelea chuma kwanza." Akajibu ameona YouTube. YouTube!

Leo ametoka soko la mifugo na beberu wa harusi. Amemfunga wapi? Kiti cha mbele. Kwa mkanda! Kufika nyumbani akafungua mlango, anajigamba kwa majirani, "Huu unazuia hata ng'ombe!"

Beberu akajirusha mara moja. MARA MOJA, Nasteha. Bolti ikang'oka na kipande cha bodi, mbuzi huyoo, anaburuta mkanda barabarani.

Siyad ati, "Hakukaa vizuri." Hakukaa vizuri! Mbuzi!

Mama yake akalitazama lile tundu. "Hapo ndipo ungenifunga mimi?"

Siyad akaliziba kwa kiganja. Mama akasema:

"Mimi nitapanda basi. Na huyo beberu asichinjwe. Ndiye fundi pekee katika boma hili."