Poti aliyoisahau Deo

Laela, Jumanne.

Kosa la Deo, fundi mwenzangu wa kompyuta hapa kituo cha kununulia mahindi, nililiona tangu asubuhi, nikanyamaza.

Mizani ya mahindi ina mtandao wake, ofisi ya malipo wake, na kifaa kiitwacho ruta ndicho kinachoiunganisha. Poti, yaani tundu la waya, ya swichi inayokusanya nyaya zote kwenda kwenye ruta lazima ipitishe yote miwili. Deo kaiacha inapitisha mmoja.

Basi mahindi yamepimwa, uzito haukufika ofisini, malipo hayakutoka. Wakulima wameshinda juani juu ya magunia. Meneja kamtukana Deo mbele yao, mimi nakunywa chai.

Juzi Deo aliigiza Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kifipa, ofisi nzima ikacheka.

Jioni kanipigia simu. "Dada, leo wewe tu hukunicheka. Asante."

"Pole, mdogo wangu. Lala."

Kesho nitairekebisha mwenyewe, meneja akiangalia.