Miche Imefika Kabla ya Mbio

Sotik, Alhamisi, wiki ya bonasi

Baba,

Miche ya chai imefika. Kiprono ameileta kwa trekta ya jirani na kuipanga chini ya mparachichi nyuma ya boma la ng'ombe, mahali penye kivuli. Iko ndani ya vile vifuko vyeusi vya plastiki na majani yake yanang'aa. Ni miche mizuri, siwezi kusema uongo. Ila kila nikitoka nje naiona, na nikiiona siwezi kutulia.

Anataka kuipanda uwanjani.

Nimeandika hivyo nikasimama, nikaenda kusukuma kuni jikoni ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. Sasa nimerudi. Tangu uondoke niko hivi. Gari lenye ekzosi iliyotoboka likipita barabarani, nafika langoni kabla sijakumbuka kwamba haiwezi kuwa wewe. Mama huniambia, "Chebet, keti chini, unanitia kizunguzungu." Naketi. Halafu nasimama tena.

Kiprono si mtu mbaya, wewe unamjua mwanao. Ana watoto shuleni. Bonasi ya chai ilipoingia aliangalia simu yake, akairudisha mfukoni, akaenda kusimama katikati ya uwanja ameshika kiuno. Wakati wa chakula akasema, "Hii shamba yetu yote ni chai. Ni hapo tu hakuna kitu. Siku moja kwa mwaka, Chebet. Hizo siku zingine ni nyasi na vumbi." Mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mbio ni Jumamosi. Ngojeni Jumamosi ipite."

Kwa hiyo tumengoja. Jumatatu anachimba mashimo.

Nataka nikuandikie vile mbio za magari zilivyoanza. Najua ni wewe uliyezianzisha, lakini naogopa kwamba chai ikishafunika pale nitaanza kusahau, na watoto wa Kiprono hawatakuwa na mtu wa kuwaambia.

Ilianza na maziwa. Wewe ulikuwa unapeleka kituoni kwa Datsun yako ya bluu, na Baba Moraa kwa Datsun yake nyeupe, akitoka ng'ambo ya mpaka wa kaunti kwa sababu kituo chetu kilikuwa karibu kuliko cha kwao Kisii. Mlikutana pale kwenye barabara ya marram, na kila mliyekutana naye asubuhi hiyo alilazimika kuingia mtaroni. Maziwa yalikuwa yanafika yamekaribia kuwa siagi. Siku moja Mama alisimama langoni akawaambia, wewe na mgeni wako, "Kama ni kukimbizana mnataka, uwanja ni huo. Kimbizaneni huko mpaka mchoke. Maziwa yangu myaache." Mpaka leo akisikia watu wanasema wewe na Baba Moraa ndio waanzilishi, anakohoa kidogo.

Mwaka huo wa kwanza yalikuwa magari mawili tu. Giaboksi ya Baba Moraa ilikufa kwenye ile kona ya karibu na jikoni, akaingia kwenye sukuma wiki za Mama na mlango wake ukabaki huko. Wewe ulimaliza peke yako, ukashuka, ukamwangalia, ukaenda kumfungua ng'ombe. Ulichukua kamba yake kumvuta nayo rafiki yako mpaka kwake. Ng'ombe naye akaingia kwenye sukuma zilizobaki. Ulirudi jioni umeshiba kuku na kunukia moshi wa jiko la watu wengine, na Mama hakukuongelesha.

Basi ikawa ndiyo sheria. Watu wa Sosiot walikuja mwaka uliofuata, halafu wa Longisa, na wote walikuta hivyo: wa kwanza anamvuta wa mwisho mpaka nyumbani kwake, kwa kamba ile ile ya ng'ombe. Hata kama gari la wa mwisho ni zima, analizima. Anashika usukani, watu wanamsema njia nzima, na yeye haruhusiwi kujibu. Wakifika, nyumba ya wa mwisho inamchinjia wa kwanza kuku. Ndiyo maana asubuhi ya mbio hakuna anayeulizwa habari ya injini. Wanaulizana, "Kuku wenu amefungwa?" Yule mwalimu mnene wa Longisa aliyekwama dirishani akiingia kwenye gari lake, kwa sababu milango hufungwa kwa waya, aliulizwa kama kuku wake naye amekwama.

Na kuna ule mwaka baada ya uchaguzi, watu wa huku na wa ng'ambo ya mpaka walipokuwa wanaangaliana vibaya. Magari yalikuja matatu. Ulishinda wewe, na Baba Moraa akawa wa mwisho. Sijawahi kujua kama mlipanga. Nilikuwa nimeketi kando yako, ukinishika goti kila tukikaribia kona. Pale kwenye njia panda vijana walikuwa wameweka matawi barabarani na mawe mikononi. Waliangalia gari letu, wakaangalia lile la nyuma, wakaiona kamba. Mmoja akaanza kucheka. "Huyu mzee anaenda kula kuku," akasema, nao wakayavuta matawi kando. Tuliendelea mpaka kwa Baba Moraa. Hapo ndipo niliona shati lako limelowa mgongoni.

Ni kwa sababu ya mambo kama hayo siwezi kuketi, Baba.

Baba Moraa alipita hapa kuuliza nani ataendesha Datsun yako. Alisema, "Gari ya hapa isipoingia, sisi wengine tumekaribishwa na nani?" Nilisema mimi, kwa sababu ulinifundisha na bado naijua klachi yake inavyoshika juu. Kiprono akakataa. Akasema, "Hapana. Kama ni mara ya mwisho, wacha nimalize mimi mwenyewe." Unajua vile hapendi hayo mambo. Utotoni siku ya mbio alikuwa anajifungia ndani na kuweka nguo chini ya mlango ili vumbi lisiingie.

Naacha hapa. Mkono umechoka, na miguu inataka kutoka.

Jumapili, baada ya kanisa

Baba, Kiprono amekuwa wa mwisho.

Najua unacheka. Gari la boma hili halijawahi kuwa la mwisho hata mara moja. Hata mwaka ule ulipokimbia na radieta iliyozibwa kwa sabuni ulipata mtu wa kumwacha nyuma. Kiprono aliendesha kama amebeba mayai. Kwenye kila kona alipunguza mwendo na kutoa ishara ya kupinda, peke yake kwenye vumbi. Watu walicheka mpaka wakashikana. Jirani mmoja akapaza sauti, "Dereva, shukisha hapo mbele!"

Vijana wa Sosiot wenye Probox mbili walikuwa mbele karibu mbio zote. Ulisema mwaka ule walipoomba kuingia kwamba Probox si gari, ni punda, lakini punda naye aje. Sasa kwenye kona ya jikoni wote wawili walitaka kupita mahali pa mmoja, wakagongana ubavuni, wakazunguka, wakaishia kwenye sukuma. Baba Moraa akapita katikati yao bila haraka, kichwa cheupe, kofia imeshuka mpaka kwenye miwani. Akawa wa kwanza. Alipotoka dirishani tulimshika mikono wawili, kwa sababu magoti yake siku hizi hayamsikii.

Kisha tukakwama kwenye sheria. Wa kwanza amvute wa mwisho mpaka kwake, lakini kwake ni hapa. Nyumba iko upande ule wa ua. Mtu mmoja akasema wasameheane, kamba ikae. Baba Moraa alikuwa ameinama anaifunga, hata hakugeuka. "Kwani mimi nilisamehewa?" akasema. "Nitamzungusha. Uwanja ni wa baba yake, auone vizuri. Halafu ndio tuende nyumbani."

Akamvuta polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Kiprono alizima injini, akashika usukani, akafunga mdomo kama sheria inavyotaka. Na watu wote wakaingia njiani wakamfuata nyuma, wanawake na leso zao, wazee na fimbo, watoto wakishika bodi ya gari. Mimi nilitembea kando ya dirisha lake. Ilibidi asikie kila kitu.

Kwanza walimsema yeye. Kuku amefungwa, kuku ameshatiwa chumvi, mwaka ujao aje na baiskeli. Lakini kwenye kona wanayoiita ya maziwa mzee mmoja akaanza, "Hapa ndipo baba yako alimwagia madebe yote mawili," na mwingine akasema hapana, si hapa, ni pale mbele, wakabishana. Mbele kidogo mama mmoja wa ng'ambo akasema kwamba kwenye ukingo ule ndipo alipomwona bwanake mara ya kwanza, akisukuma Peugeot iliyogoma. Wengine wakataja ule mwaka wa matawi. Hawakulitaja gari, walitaja kamba. Mtu akagusa ile kamba mbele ya Datsun, akasema, "Ni hii, bado ni hii." Kiprono aliangalia mbele tu.

Walipomaliza mzunguko hawakuenda mlangoni. Baba Moraa alivuta mpaka pale kando ya chai tulipokulaza, akasimamisha gari. Alivua kofia. Akakwambia, "Nimekuletea kijana wako. Ni wa mwisho, lakini hajagonga kitu." Watu wakacheka kidogo, halafu hawakucheka.

Hatukuwa tumefunga kuku, Baba. Nani angefikiri. Nilimkimbiza jogoo kuzunguka boma huku wageni wakinipa maelekezo, na hiyo yenyewe ilikuwa mbio nyingine. Mvua ya mchana ilitukuta mezani. Baba Moraa alikula paja, akanywa maziwa ya mursik, akamwambia Mama kwamba amengoja kuku wa nyumba hii tangu meno yake yakiwa yote. Mama akamjibu, "Na sukuma zangu ulianza kuzila tangu wakati huo." Kiprono alikula kidogo. Aliweka sahani chini akatoka kwenye mvua bila koti, nikamwona kupitia dirishani anatembea uwanjani, anasimama, anatembea tena. Sasa tukawa wawili tusioweza kuketi.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nilisikia nyundo. Alikuwa na vigingi na kamba ya kupimia, ameanza kutia alama za mashimo. Hakungoja hata Jumatatu. Nilibaki jikoni nimeshika sufuria tupu, sitaki kutoka, sitaki kuona. Mama ndiye aliyenisukuma. "Nenda uangalie vizuri kabla hujalia," akasema.

Nikaenda. Vigingi vilikuwa katikati, Baba. Vyote. Vimeanzia ndani ya ule mviringo wa magari na kuishia ndani yake, na pembeni amebakiza nafasi ili gari likiteleza lisimalize mstari wote. Njia hajaigusa. Aliniona nimesimama akaendelea kupiga kigingi. Akasema, "Chai ukichuma inabaki hapa," akagusa kiuno chake. "Mtu akisimama ng'ambo bado anaona magari." Nikamuuliza watu waliozoea kusimama katikati watasimama wapi. Akasema, "Wasimame kando kama watu wenye akili. Na hao vijana wa Probox wakiingia kwenye chai yangu, watachuma wenyewe." Kisha akauliza, bila kuniangalia, kama klachi ya Datsun kweli inashika juu hivyo, au ni yeye.

Nilimwambia ni yeye.

Sijui itakuwaje. Miche iliyobaki haitatoshea katikati, anasema ataipeleka kule kwenye mteremko baada ya kung'oa mikaratusi. Itachukua miaka kabla ya kuchuma chochote, na karo haingoji. Huenda mwaka mbaya ukaja akabadilisha nia. Hilo linanisumbua hata sasa ninapoandika, na tayari nimesimama mara mbili. Lakini leo nimesimama kwenda kumsaidia kubeba maji ya miche, si kukutafuta langoni.

Kamba nimeiosha na kuianika pale juu ya jiko, mahali ulipoipenda. Kuna fundo jipya. Ilikatika kidogo Jumamosi pale kwenye kupanda, na Baba Moraa aliifunga kwa lile fundo lako. Nakuahidi haitatumika kufungia ng'ombe. Nakuahidi pia kwamba mwaka ujao nitaendesha mimi, na kwamba nitafunga kuku mapema, hata kama watu watacheka.

Lala salama, Baba. Kongoi, asante kwa uwanja.

Asubuhi ukisikia nyundo, ni Kiprono. Utukumbuke.

Wako,
Chebet